Kisiki Hakina Miguu

Siku ile ya palizi katika shamba la Shangazi Milembe naikumbuka, mwanangu, kama ilikuwa jana asubuhi. Udongo mweusi wa Kishapu umeniganda miguuni, jua linachoma mgongo, nami nimeinamia kisiki cha mgunga nakichimba kwa jembe, nimekasirika kuliko siku zote. Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, maana hasira zangu hazikuanzia kwenye kisiki.

Mama yako ameniambia unakwenda kwenye usaili wa kazi mgodini huko Geita, na kwamba kabla ya kuitwa kuzungumza kuna ule mtihani wa kupima akili, ambao siku hizi mnaufanyia kwenye kompyuta. Anasema huli, hulali. Haya, kunywa uji huo usije ukapoa, unisikilize. Mimi Mbuke, unayeniona na meno ya kuhesabu, niliufanya mtihani huo wakati kompyuta hatujaisikia hata kwa jina. Tena niliufanya mara mbili.

Miaka ya sabini, nilipomaliza kidato cha nne, ilitangazwa nafasi ya kusomeshwa ufundi wa maabara ya madini. Unalipiwa kila kitu, ukihitimu unapangiwa kazi. Sharti ni kufaulu mtihani Shinyanga mjini, na ukishindwa unarudia mara moja tu, basi. Niliitaka nafasi ile jamani! Tangu utoto nilikuwa naokota mawe na kuyalamba nione rangi yake ya ndani. Mama alikuwa akinichapa, akidhani nina minyoo.

Na sikuwa na wasiwasi hata chembe. Shuleni sifa yangu ilikuwa moja: Mbuke haachi swali. Wenzangu wakikwama wanaruka, mimi naling'ang'ania mpaka lisalimu amri. Walimu walinisifu kwa hilo, nami nikavimba kichwa.

Basi nikaingia ukumbini. Maswali mengi, mafupi mafupi, na muda wenyewe kiduchu. Nikayala ya mwanzo kama karanga. Halafu nikakutana na picha ya magurudumu yenye meno, yameshikana moja na jingine kama yale ya kiwanda cha kuchambua pamba: la kwanza likizunguka kulia, la mwisho litazunguka wapi? Na katikati wametia mkanda uliopishana, makusudi, watu wale! Nikalikalia swali lile kama kuku aliyekalia yai bovu. Nikachora, nikafuta, nikachora tena. Mwishowe nikalipata. Tena kwa usahihi, hata leo niamshe usingizini nitakujibu! Nikainua kichwa nikitabasamu, na msimamizi akasema, "Wekeni kalamu chini." Kurasa za nyuma sikuwa nimezifunua.

Majibu yalipokuja sikuwamo. Nililia, sikufichi. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nafasi moja ilikuwa imebaki, mwaka uliofuata, na baada ya hiyo hakuna nyingine. Nikarudi Kishapu kwa Shangazi Milembe, dada yake baba, nikamsaidie shamba huku nikijiandaa. Kujiandaa kwenyewe, nilikuwa nakesha na yale yale: swali moja, usiku kucha, siliachi.

Sasa turudi kwenye palizi. Kwetu wanawake walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mmoja anashika mstari wake, mnaanza pamoja, mnakwenda kwa wimbo. Shamba la Shangazi lilikuwa jipya, visiki havijaisha. Mimi nikakuta cha kwangu katikati ya mstari, nikasimama nacho. Nikachimba huku, nikachimba kule. Wimbo ukawa unasogea mbele, mimi nimebaki. Kuja kutazama, wenzangu wako mwisho wa shamba wanakunywa togwa, na wimbo wameubadilisha:

"Mbuke kaolewa na kisiki, ee! Mahari wapewe mchwa!"

Hee! Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akarudi mpaka niliposimama, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, na hakuwa na maneno mengi.

"Ng'wanone, mwanangu, kisiki hiki kina miguu?"

"Hakina, Shangazi."

"Ukikiacha kitakimbia?"

"Hapana."

"Mvua je? Mvua ina miguu. Leo iko hapa, kesho iko kwa watu wengine huko. Na wewe unashindana na kisichokimbia!"

Nikamjibu, maana ujana nao una mdomo: "Shangazi, mimi nimefundishwa nisiache kitu nusu."

"Yaya!" akasema, yaani hapana. "Umefundishwa vizuri, lakini umeelewa vibaya. Wewe umepewa mstari. Nani kakupa kisiki? Kigonge mara moja, mara ya pili. Kikigoma, kizunguke, maliza mstari, kisha urudi na shoka kama jua lipo bado."

Nikaegemea jembe langu. Nikayaona yale magurudumu yenye meno, na zile kurasa ambazo sikuzifunua. Nilikuwa nimetupa nafasi ya maisha yangu kwa kuolewa na kisiki.

Tangu siku hiyo nikabadilisha maandalizi. Saa hatukuwa nayo, basi nikapimia sufuria ya michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Ikiinjikwa naanza ukurasa wa maswali, ikiiva naweka kalamu chini, nimemaliza au sijamaliza. Maswali nilitungiwa na mwalimu wa shule ya jirani, hesabu za kufuatana na maumbo ya kugeuzageuza. Lililonigomea nililiwekea nukta pembeni nikapita. Mwanangu, mwanzo iliniuma! Kuacha swali nyuma ilikuwa kama kumwacha mtoto analia. Halafu nikazidisha upande wa pili, nikawa naruka kila kinachonikwaruza. Shangazi akachungulia karatasi yangu imejaa nukta, akacheka: "Sasa unazunguka hata majani!" Nikajifunza kupima, lipi majani, lipi kisiki. Na kupima huko hakuna anayeweza kukufundisha kwa mdomo, unakupata kwa kurudiarudia. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Siku ya mtihani wa pili nililala mapema, nikala vizuri, nikafika ukumbini kabla mlango haujafunguliwa. Nikasoma maelekezo mpaka mwisho, na wenzangu wameshaanza kuandika. Swali la pili tu, kisiki! Sanduku la karatasi limekunjuliwa, ulikunje kichwani useme lina sura gani. Nikaligonga mara moja, mara ya pili. Likagoma. Moyo ukaniambia, Mbuke, wewe huachi swali. Nikaujibu, nyamaza, mvua ina miguu. Nikatia nukta, nikapita.

Nikafika mwisho wa mstari, mwanangu! Ukurasa wa mwisho niliufunua kwa mkono wangu. Nikarudi na shoka, nikang'oa nilivyoweza. Lile sanduku la karatasi nilikuwa bado nalikunja kichwani muda ulipokwisha. Nikalitolea ubashiri, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje nikiwa mwepesi.

Safari hii jina langu lilikuwamo. Nilipompelekea Shangazi habari, alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka, kisha akaniuliza, "Na visiki?"

"Kimoja kimebaki, Shangazi. Mpaka leo sijui jibu lake."

"Hata changu kipo pale pale," akasema, "na pamba nimevuna."

Nikaenda kusoma, nikafanya kazi na mawe ya Geita mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za lile sanduku.

Basi nakuusia hivi. Jiandae, tena kwa saa, maana akili bila saa ni shoka bila mpini. Lala, kula, soma maelekezo hata kama wenzako wameshatimua vumbi. Lililo jepesi livune kwanza. Gumu ligonge kwa haki yake, likigoma lipishe, urudi. Usione haya kuacha kitu nyuma ukiwa unakwenda mbele. Kazi unaiweza, nakufahamu tangu unatambaa.

Tulipomzika Shangazi Milembe nilipita shambani kwake kukitafuta kile kisiki. Hakikuwepo. Mchwa walikuwa wamekimaliza wenyewe, taratibu, mahari yao wamechukua.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo uliotulia, akufikishe mwisho wa mstari wako jua lingalipo. Na visiki vitakavyobaki nyuma yako, mchwa wa Mungu wavimalize.