Mama Aligoma Kumhama Gordy

Jumatano moja asubuhi mama yangu alinipigia simu akaongea maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote ya dunia hii.

Mwanzoni nilicheka. Nilidhani anatafuna mkate.

"Mama, meza kwanza ndiyo uongee."

Akarudia yaleyale. Ba, ba, le, ba. Halafu nikasikia simu inaanguka.

Niliendesha gari juu ya barafu kama mwendawazimu. Nikamkuta sakafuni jikoni, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake.

Kiharusi.

Sasa nisikilizeni, maana mimi ninayeandika haya bado nina hasira, na sitaki pole ya mtu.

Mama yangu anaitwa Arlene. Ana miaka sabini na tisa, mjane, alikuwa anaishi peke yake kwenye mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako kila mtu analijua gari la kila mtu. Moyo wake unapiga ovyo, kwa hiyo daktari alimpa dawa ya kuzuia damu isigande. Asubuhi kidonge, jioni kidonge. Akiruka, bonge la damu linaweza kupanda kichwani. Aliambiwa hivyo mbele yangu.

Vuli iliyopita, msimu wa wazee kuchagua mpango wa bima ya dawa ulipofika, nilikaa naye mezani na kompyuta. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, wana tovuti yao ya kulinganisha mipango. Unaingiza dawa zako zote, unachagua duka unalonunulia, inakuonyesha kila mpango utakula kiasi gani kwa mwaka.

Na duka ndilo lenye maneno. Dawa ileile, kadi ileile, ukibadilisha duka tu hesabu yote inageuka.

Nikaweka duka la Gordy, mfamasia wetu wa miaka yote. Bei ikapaa.

Nikaweka duka kubwa la dawa la barabara kuu. Ikashuka chini ya nusu.

"Mama, unaona? Gordy hayumo kwenye maduka ambayo bima inayapa punguzo. Tunahamia kule."

"Gordy ananijua tangu wewe unanyonya."

"Kukujua hakupunguzi bei."

"Wewe na mashine yako! Baba yako anakata roho, theluji imefika madirishani, nani alimletea dawa ya maumivu kwa miguu? Mashine?"

"Jamani, mama. Gordy ataelewa."

Akawa anafuta meza iliyokuwa safi tayari. Mwisho akasema, "Haya. Bonyeza."

Nikabonyeza. Niliondoka pale najiona mtoto mwema kweli.

Hospitalini daktari aliniuliza swali moja tu. "Anakunywa dawa zake?"

"Anakunywa," nikasema bila kufikiri.

Jioni ile nilienda nyumbani kwa mama kumchukulia nguo za kulalia. Juu ya sinki nikaona chupa ya ile dawa. Chupa ya mwezi mmoja, imejazwa Januari. Tulikuwa mwishoni mwa Machi, na vidonge bado vinacheza ndani.

Na kwenye chupa kuna jina la duka la Gordy.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikasema peke yangu kwa sauti, "Mama, we mbishi, umejiua mwenyewe." Ndivyo nilivyoelewa. Hakuhama. Alipeleka kadi mpya kwa Gordy, akalipa bei ya Gordy, na pesa ilipogoma akaanza kujipunja dawa.

Nilimkasirikia mama yangu akiwa kitandani hawezi hata kujitetea. Nilipomuuliza alilia, jicho moja tu likitoa machozi.

Kesho yake nikaenda kwa Gordy, matusi yangu nimeyapanga.

Nilikuta rafu nusu tupu. Yeye yuko nyuma ya kaunta na koti lake jeupe.

"Renee, mwanangu! Nimesikia habari za mama. Nimemuombea."

"Gordy, ulijua kwamba barabara kuu angelipa chini ya nusu?"

"Kadi ikipita hapa naona siko kwenye punguzo. Nilijua."

"Na ulijua anachelewa kuchukua dawa?"

"Kompyuta inaniambia mteja akichelewa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mama yako ni mtu mzima, Renee."

"Usinichezee, Gordy. Nimekuja vibaya leo."

Akavua miwani. Akatazama zile rafu.

"Ijumaa nafunga. Kampuni kubwa ya maduka ya dawa imeninunua."

"Imenunua hizi rafu?"

"Rafu hawazitaki. Wananunua wateja. Majina na dawa wanazokunywa. Wanalipa kwa kichwa."

"Kama ng'ombe mnadani."

"Bima zimenimaliza, Renee. Dawa nyingine nauza kwa hasara. Kitu pekee kilichobaki kuuzika ni nyie. Na aliyehama hahesabiwi."

"Mlianza lini kuongea na hao watu?"

"Kiangazi kilichopita."

Kiangazi. Kabla mimi na mama hatujafungua kompyuta. Nikaishiwa matusi. Nikasema tu, "Kwa hiyo mama alipokuja na ubishi wake, wewe ukashukuru Mungu."

Gordy akatikisa kichwa.

"Hakuja na ubishi. Alikuja kuniaga. Aliniletea pai ya tufaha. Akasema binti yake amehangaika kumtafutia mpango mzuri, anahamia barabara kuu, nisimchukie."

"Ukamwambiaje?"

Akaanza kuifuta miwani kwa pindo la koti.

"Gordy! Ukamwambiaje mama yangu?"

"Nilimwambia, 'Arlene, na wewe pia unaniacha?'"

Basi. Maneno hayo tu. Mama aliyezika mume wake na huyu mtu akibeba jeneza, angejibu nini? Akatoa kadi mpya mkobani, akaiweka kwenye kaunta, akabaki.

Sikumpiga. Watu wananiuliza kama nilimpiga. Nilitoka nje nikarudi hospitalini kukaa na mama.

Gordy amehamia Florida. Mama yuko kwangu, tunamfundisha kuongea upya. Wiki iliyopita neno la kwanza likatoka zima, linaeleweka, nikaruka kwa furaha kabla sijalisikia vizuri.

Lilikuwa jina la Gordy. Anamuulizia.

Nimemwambia amestaafu na anamsalimia sana. Akatabasamu na nusu ya mdomo.

Wenye wazazi, linganisheni mipango, tovuti ile haidanganyi. Ila msiishie kubonyeza. Nendeni nao mpaka kaunta, msimame pale kadi mpya inapotoka mkobani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliyekuwa nalinda pesa za mama nilimwacha aende kuaga peke yake.