Mjomba wa Siku Moja

Fortunatus alirudi kijijini Chilangala na stashahada ya sanaa za maonyesho, alama za juu kabisa, na suruali mbili. Mama yake, Anjelina, aliuza korosho za misimu mitatu kumsomesha, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Mikorosho ikitoa maua kabla hujapata kazi ya hicho cheti, utavaa mashine ya kupulizia salfa mgongoni. Na cheti nitafungia karanga."

Jamani, kijana alihangaika! Redioni walisema wametosheka. Halmashauri wakamwambia asubiri tangazo. Alisherehesha kipaimara kimoja tu, akalipwa pilau.

Ndipo akaja Mwalimu Edson, Mhaya anayefundisha hesabu Newala mjini. Alimpenda Dominika wa kijiji cha Mnyambe, lakini kwao walikataa kuzungumza na mposaji asiye na mjomba, na wajomba wa Edson wako Bukoba, mwisho wa nchi.

"Wewe si umesomea kuigiza? Niigizie mjomba. Siku moja tu, elfu hamsini."

Kazi ya cheti hiyo! Fortunatus aliazima koti, akapaka ndevu unga wa muhogo, akaongea kwa lafudhi aliyoiokota kwa Mhaya wa bwenini. Wazee wa Mnyambe wakamuuliza, "Kijana wako akimtesa binti yetu?" Alisimama, akakohoa, machozi yakimlengalenga kwa ufundi wa mwaka wa pili chuoni.

"Niiteni mimi! Akimtesa, akimlaza njaa, niiteni mimi!"

Vigelegele vikapigwa, posa ikapokelewa. Wakati wa kuaga, bibi yake Dominika akamvuta kando.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wa Anjelina wa Chilangala."

Jasho lilimtoka, likashuka na unga. "Nisamehe, bibi. Ilikuwa kazi ya siku moja tu."

"Nilikujua ulipokohoa, marehemu babu yako alikohoa hivyo hivyo. Nikanyamaza, maana mjukuu wangu anamtaka mwalimu, na mwalimu hana mtu huku. Sasa anaye. Umeyasema mbele ya watu, mwanangu. Ujomba hauvuliwi."

Alidhani ni utani wa kizee. Harusi ilipopita, maharusi wakakaa Mnyambe, na simu zikaanza: leo Edson kanuna, kesho Dominika kafunga mizigo. Kila mara Fortunatus alipanda bodaboda kwenda Mnyambe kusuluhisha, nauli juu yake, na zile elfu hamsini zikaishia barabarani.

Maua yalipotoka, Anjelina alimwekea mashine mlangoni. Kabla hajaigusa, simu ikalia. Dominika alikuwa analia.

"Mjomba, njoo. Edson hajarudi tangu jana."

Anjelina alisikia kila neno. "Nani huyo anakuita mjomba?"

Fortunatus akamweleza yote, macho chini.

"Na wanakulipa?"

"Hapana, mama."

Fortunatus alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli aliona anastahili.

"Basi nenda upesi," alisema mama. "Mjomba akiitwa haulizi mshahara."

Akainama, akaivaa mashine mgongoni mwenyewe, akafunga mikanda kifuani na kuelekea shambani.