Breki Alizotengeneza Mjomba Mkumbo

Mafuta ya breki yana harufu tamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyochacha. Nikiisikia tu narudi uani kwetu Misigiri, miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yalipojaa sabuni za kunukia za kila rangi huku spea za magari zikitafutwa kama mvua. Baba alikuwa na pikapu kuukuu, naapa hata kuku waliiamkia shikamoo. Ilibeba vitunguu hadi mnada wa Shelui, na kufika huko sharti uteremke Sekenke, mlima wenye kona nyingi kuliko utumbo wa mbuzi. Msimu ule pedali ya breki ikawa laini kama uji wa mgonjwa. Baba aliikanyaga mara nne ndipo gari lifikirie kusimama.

Mama akamwita kaka yake, Mjomba Mkumbo, fundi aliyesifika hadi Kiomboi. Alifungua magurudumu, akakuta silinda moja ya nyuma inavuja na mafuta yamelowesha brekishuu. Akabadilisha mpira wa silinda, ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, kazi inayotaka mtu wa kukanyaga pedali. Mimi, binti wa miaka kumi, nikapandishwa kwenye usukani.

"Kanyaga, mpwa wangu! Shikilia! Nani kakwambia uachie? Mguu huo ni wa breki au wa kuruka kamba?"

"Wa kamba, Mjomba!"

Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Shemeji, huyu atakuua kabla ya gari."

Tulipobakiza gurudumu moja wakaenda kula. Mjomba akaniagiza niongeze mafuta kwenye kikopo cha breki. Chupa ilikuwa hiyo hiyo moja, imeletwa na basi kutoka Arusha. Ikaniponyoka, ikamwagika yote mchangani. Nilikuwa nimewaona madereva wa malori wakitia maji ya sabuni walipokwama njiani, na beseni la kunawia lilikuwa pale pale. Nikajaza, nikafunika, nikafukia mchanga uliolowa. Tulipomalizia kutoa upepo, maji yakasafiri hadi gurudumuni. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mjomba akalijaribu gari, likasimama hapo hapo, akanisifu mbele ya wote.

Siku ya mnada, katikati ya Sekenke, breki zilipopata moto maji yakachemka na pedali ikazama hadi chini. Baba alishusha gia, akaubamiza ubavu wa gari kwenye ukuta wa mlima. Vitunguu viliteremka Shelui vyenyewe. Baba akavunjika mguu.

Gari lilipovutwa hadi nyumbani, Mjomba akafungua kikopo, akachovya kidole, akanusa sabuni. Akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Shemeji, ulitaka kumfanya dada yako mjane?" Baba alimuuliza.

Mjomba akafuta kidole kwenye suruali. "Nilikosea, shemeji."

Wateja wakamkimbia. Akahamia Itigi kuanza upya, na Baba hakukanyaga kwake tena, hata siku ya maziko yake.

Siku hizi mafuta ya breki yamepangwa hata kwenye vibanda vya vocha. Mwaka jana nilimweleza Baba yote. Mimi ninayechekesha hadi msibani, sikutia hata utani mmoja. Akachukua fimbo yake, akasema, "Nipeleke."

Sasa ni lami tupu. Tuliondoka alfajiri, na kabla ya adhuhuri tukawa Itigi, tumechelewa miaka saba. Baba aliegemea fimbo yake mbele ya kaburi, akasema, "Shemeji." Kisha akanigeukia, akangoja niseme mimi.