Nilivyofufua karavani chakavu Kihonda nikasafiri peke yangu, dada yangu akaninunia

Wakuu habari zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nina umri wa kuitwa bibi humu, kwa hiyo mkikuta nimekosea herufi, songeni mbele.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, viwanda vinauzwa na sisi wafanyakazi tunapunguzwa. Nilikuwa mshonaji kiwandani Morogoro. Nimeshavuka arobaini, mume amefariki, watoto wana miji yao. Marehemu aliniachia Land Rover ya zamani, na kuendesha alinifundisha mwenyewe.

Kiwanda kilipouza vitu chakavu, wenzangu waligombania cherehani. Mimi nikachukua karavani.

Kwa msioijua, ni kinyumba cha bati chenye matairi, kinavutwa na gari. Waliiacha pale kiwandani wazungu waliokuwa wanajenga barabara. Kuku walikuwa wanatagia ndani.

Sasa nieleweni hapa. Nimezaliwa Mgeta, kwenye baridi, wasichana wote kitanda kimoja. Nikaolewa, nikazaa. Sikuwahi kulala mahali ambapo nikiamua kuamka saa nne hakuna wa kuniuliza. Nilitaka kusafiri peke yangu na kulala kwangu. Basi.

Nikaivuta kwa Land Rover mpaka uani kwangu Kihonda, hapo hapo Morogoro. Sakafu ilikuwa imeoza mlangoni, nikang'oa, nikapiga mbao mpya. Beringi za matairi nikazitia grisi.

Paa ndilo lilinitoa jasho. Fundi aliziba kwa lami, mvua ikaja, likavuja. Akaziba tena, likavuja tena, na maneno mengi juu. Nikapanda mwenyewe, nikakwangua lami yake yote, nikakuta tundu la msumari liko mbali kabisa na alipokuwa anaziba. Nikaliziba mwenyewe, fundi sikumwita tena.

Godoro nililikata kwa kisu cha jikoni lienee. Mapazia nikashona kwa vitambaa vya kiwandani vilivyokataliwa kwa sababu maua yalichapwa yakapinda.

Enzi zile kila mtu alikuwa anafungua kibanda, kwa hiyo nilipopaka rangi ya bluu, mtaa mzima ukajua nafungua duka. Mama mmoja alikuja dirishani akaomba soda baridi. Nikamwambia hapa hapauzwi kitu, ni chumba changu cha safari. Akachungulia ndani, akauliza basi chipsi zipo?

Safari ya kwanza nikaenda Dumila kwa dada yangu Zena. Ni mkubwa wangu, ameolewa huko, na nyumba yake haiishi watu: wifi zake, wajukuu, hadi wauza vitunguu waliokosa basi. Nikaegesha uani, tukakumbatiana, tukala. Jioni nikaaga naenda kulala.

"Kulala wapi?"

"Kwenye karavani yangu, dada."

Wakuu, uso ulimbadilika. Kwetu mgeni anafikia kwa mtu, na analazwa. Kwenda kwa dada yako na kitanda chako ni kumwambia mbele ya majirani kwamba nyumba yake haifai. Miezi yote nahangaika na paa, hilo sikuliwaza kabisa.

"Umekuja kwangu na godoro lako, mdogo wangu? Mimi nimekosa mkeka?"

Akawatoa wajukuu chumbani, akatandika shuka mpya. Roho iliniuma, nisiwadanganye. Lakini nilijua nikilala mle siku ile, nitalala kwa watu mpaka nife.

"Nisamehe dada. Mle silali." Nikatoka.

Asubuhi chai sikuletewa. Nikachemsha yangu. Jua limeshapanda ndipo nasikia hodi. Ni yeye, amenuna, kanga kiunoni.

"Karibu dada. Vua viatu."

Akaketi kitandani, akashika pazia, akatazama dari. Chai niliyompa hakuigusa. Akauliza kama mlango unafungwa kwa ndani. Nikamwonyesha komeo.

"Hebu nijinyooshe kidogo tu," akasema.

Nikakaa nje nachambua mchicha. Wakaanza kumtafuta. Mjukuu analia, wifi anataka funguo ya stoo, shemeji yangu anauliza chakula. Wote niliwajibu ametoka. Alilala mpaka adhana ya adhuhuri.

Alipotoka alikuwa na mikunjo ya shuka shavuni. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Akasema, "Kesho unaelekea wapi? Twende wote."

Nampenda Zena kuliko mtu yeyote aliyenibakia. Nikamwambia hapana, dada, hii safari ni ya mtu mmoja.

 Akaingia nyumbani kwake kunifungia vitunguu vya njiani.

Nilichojifunza: watu wako wakikununia kwa jambo lako la halali, wasalimie vizuri, na jambo lako ulifanye. Wanaokupenda watakuja kugonga.

Haya, mliowahi kusafiri peke yenu ukubwani, leteni yenu. Na mnaoona nilimkosea dada, semeni tu, sitanuna.

Ila wa kuniambia ningempakia, jibu langu mpaka leo ni hapana.