Mshono wa Baba Nakijwa

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi wa chumba cha upasuaji, mjini Same, aliyehitaji kushikwa mkono hakuwa mgonjwa, nilikuwa mimi. Matroni alinikuta nimeegemea ukuta. "Wewe binti, umekuja kazini au umekuja kulazwa?" Nilitamani nyumbani. Hata leo sijapata mahali panapopashinda jikoni kwangu.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja ya milimani, chini ya Daktari Mpasuaji, mpole mpaka umkosee. Huko ndiko nilikompokea Baba Nakijwa, mkulima wa tangawizi, ana henia. Kwa msioijua: ukuta wa tumbo unalegea, utumbo unachungulia kwenye upenyo, uvimbe unatokea. Mpasuaji anaurudisha ndani na kuushona ukuta. Tulimshona, tukamwonya asibebe kizito mpaka tumruhusu.

Pembe ya msaragambo ikalia. Msaragambo, vijana wa mjini, ni kazi ya kijiji kizima, na anayebaki nyumbani husemwa mpaka kaburini. Walikuwa wanajenga ndiva, bwawa la maji ya mifereji. Baba Nakijwa akabeba mawe, akarudi kwetu na uvimbe mkubwa kuliko wa mwanzo.

"Baba, tulikwambia nini?"

"Sista, watu wote wako ndivani, mimi nikae na kuku?"

Upasuaji wa kurudia si kama wa kwanza. Makovu yameshikamana, na kisu kinapita kwa woga. Safari hii Daktari aliweka wavu mwembamba wa kuushikiza ukuta. Kisha akapanda mwenyewe kijijini kumwona msimamizi wa msaragambo.

"Huyu asinyanyue hata jiwe la kufukuzia kuku!"

Msimamizi akaapa.

Haukupita muda, Baba Nakijwa akaletwa kwenye machela, anatapika, tumbo gumu kama ubao. Utumbo ulikuwa umenaswa kwenye upenyo, damu haipiti. Ukioza, mtu ndiyo basi. Binti yake, Nakijwa, alikuwa anamshika miguu na kulia.

"Amebeba nini?" Daktari alifoka.

Msimamizi, aliyekuja naye, aliinua mikono yote miwili. "Hajabeba kitu, daktari! Tulimpa kazi nyepesi kuliko zote."

"Ipi?"

"Kupuliza pembe."

Mkasi ulinitoka mkononi. Pembe! Mtu anavuta pumzi mpaka ya miguuni, anakaza tumbo lote ili wa mlima wa pili wasikie. Hakuna kikohozi kinachosukuma mshono namna hiyo. Daktari aliketi sakafuni. Mpasuaji mzima, sakafuni! Kisha akaniambia, "Sista, maji ya kunawa."

Tukampasua mara ya tatu. Kipande cha utumbo kilikuwa cheusi. Tukakikata, tukaunga palipobaki pazima. Alipozinduka, la kwanza aliuliza, "Nani anapuliza?"

"Mimi, baba," Nakijwa akasema.

"Utawatia watu usingizi."

Nikajua atapona.

Sasa nimestaafu, nimejenga kijijini kwa kina Nakijwa. Wengi hudhani matokeo ya upasuaji huonekana siku mgonjwa anaporuhusiwa. Mimi nayasubiri kila msaragambo. Nakijwa anapopuliza, navuta blanketi mpaka kichwani. Hakipiti kitambo, mzee anasimama nje ya dirisha langu, mikono mitupu.

"Sista! Watu wote wako ndivani, wewe umekaa na kuku?"

Nachungulia. Kwanza namtazama tumbo. Likiwa limetulia, natafuta jembe.