Kisiwa Katika Kitabu cha Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Butembo upande wa Kimemi, Médecin Directeur, mkuu wa hospitali, hakutaka hata kuiona diploma yangu. Nami nilikuwa nimeitunza ndani ya Biblia isikunjike! Alisogeza kikombe chake cha chai, akasema: "Leta mikono juu ya meza."

Nikaiweka. Akaitazama, akaigeuza viganja, akangoja mpaka nikaona aibu.

"Haitetemeke. Bon. Vaa blouse ya kazi, kuko mama moja anangojea kupasuliwa césarienne."

Ndivyo alivyompokea kila daktari mpya. Kwake mkono ndio ulikuwa cheti.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Beni ilifunguka wiki hii ikafungwa wiki ijayo, na ile ya Eringeti hatukuiulizia tena. Dawa zilikuja kwa ndege ndogo, zikija. Wapasuaji tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na mimi nilikuwa nikijifunza kwa kusimama mbele yake: yeye kisu, mimi pince, yaani kikoleo cha kubana mshipa usivuje.

Kila asubuhi tulifanya staff, mkutano wa wafanyakazi wote, na Infirmier Chef, mkuu wa manesi, alisoma kitabu cha zamu. Zamani nesi mmoja aliruka mstari akidhani hauna maana, mgonjwa wa pembeni akasahaulika hadi mchana. Tangu hapo sheria ikawa moja: kilichoandikwa kinasomwa chote, hata kama ni upuuzi.

Mwaka wangu wa tatu, ndege moja ikaleta barua. Chuo cha kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi kilikuwa kimenipokea nisomee ubingwa wa upasuaji, miaka minne. Mimi ambaye maji makubwa niliyoyajua ni Ziwa Edouard! Walitaka jibu ndani ya mwezi. Nilitamani kwenda, na nilijua sababu ya kutoweza kwenda, na sababu hiyo sikuthubutu kumwambia mtu.

Jumapili mchana nilikuwa zamu. Wodi imetulia, karatasi hakuna, vita vimekula hata karatasi. Nikafungua kitabu cha zamu ukurasa uliofuata, nikapanga faida na hasara za kusomea kisiwani. Nilikusudia kuuchana ukurasa ule. Akaletwa mtoto mwenye tumbo lililojifunga, nikakimbia, nikasahau.

Jumatatu, Infirmier Chef akasimama. Alikuwa mtu wa Bandundu, kazi ya serikali ilimleta kwetu na vita vikamkwamisha, na sauti yake ilijaza chumba. Akasoma wagonjwa wote, akageuza ukurasa.

"Faida. Kisiwani kuna walimu watano wa upasuaji, si mmoja. Faida. Kuna scanner, inaona ndani ya mtu bila kumpasua. Faida. Magonjwa ya huko siyajui, nataka kuyajua." Akanitazama. "Docteur Masika, ni malade gani huyu, mgonjwa wa kitanda gani?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kuuliza. Sista wa maabara alitaka kujua kama kisiwani kuna malaria. Mama wa jikoni, aliyekuwa ameleta chai, akauliza: "Batu ya kule banakulaka nini? Sombe ya muhogo iko?" Mpiga ganzi wetu naye: "Na mugonjwa akikimbia hopitali, atapita wapi, mu maji?" Hata mimi nikacheka. Kumbe swali langu lilikuwa la wote.

"Hasara," akaendelea. "Kisiwa ni kidogo, wagonjwa ni wachache, na mkono hujifunza kwa wingi. Hasara. Kesi nzito hupakiwa ndegeni kwenda ng'ambo, mwanafunzi akabaki anapunga mkono. Hasara kubwa..."

Akainua macho kutoka kwenye ukurasa. Nikajua amefika wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Soma," Médecin Directeur akasema. "Yenye iliandikwa inasomwa."

"Hasara kubwa. Mikono ya Médecin Directeur imeanza kutetemeka. Nikienda, nani atafunga mishipa?"

Mzee yule akasogeza kikombe chake, akaweka mikono yake mwenyewe juu ya meza. Ilitetemeka, wote tukaiona.

"Nani mwingine alikuwa anajua?"

Mpiga ganzi akainua kidole. Sista akainua. Infirmier Chef naye, taratibu. Mwishowe hata mama wa jikoni.

"Donc ni mimi peke yangu nilikuwa nafikiri ni siri." Akashusha pumzi. "Basi. Toka leo sishike tena bistouri, kisu ya kupasulia. Masika, kule kisiwani utabajibia nini?"

"Nitaomba baningojee mwaka moja, Papa." Sikuwahi kumwita Papa, yaani baba, kabla ya siku ile.

"Mwaka moja nitakupa kichwa yangu yote. Kisha unaenda. Usibakie juu ya kunihurumia, unasikia?"

Kisiwa kikakubali. Mwaka mzima alisimama nyuma ya bega langu, mikono mfukoni, akiniongoza kwa sauti tu, nami nikimfundisha daktari kijana kutoka Beni ashike nafasi yangu. Nilijifunza zaidi mwaka ule kuliko mitatu iliyotangulia. Halafu nikaenda.

Orodha yangu ilikuwa sahihi, faida na hasara zote. Lakini nilikosa kuandika jambo moja. Kule kisiwani, kimbunga kilipozuia ndege, akiba ya damu ikaisha, na mama mmoja alikuwa akivujia damu tumboni. Profesa akaniuliza: "Kwenu mnafanyaje?" Nikachota damu yake kwa upawa safi, nikaichuja kwa shashi, tukamrudishia mwilini mwake kama tulivyozoea Butembo. Akapona. Siku ile nilielewa kwamba nilikuwa nimetoka kisiwa kimoja, kilichozungukwa na vita, kwenda kingine, na nikalia kwa kumkumbuka mzee.

Niliporudi kupitia mpaka wa Kasindi, nilimkuta amestaafu, yuko hai, kikombe mkononi. Swali lake la kwanza: "Samaki ya mu bahari, inatokaka na chumvi yake?"

Nilimalizia kazi Beni, katika commune ya Ruwenzori, miaka mingi. Madaktari vijana huniuliza kama waende visiwani kusoma. Nawaambia waandike faida na hasara, kisha wawasomee wale watakaowaacha.

Mwaka jana uzi ulianza kunikatalia kuingia tundu la sindano. Sikungoja. Asubuhi, kwenye staff, nilisogeza chai yangu nikaweka mikono juu ya meza. Infirmière Chef wa Beni akashika kalamu, machozi yakimlengalenga.

"Tuandike, docteur?"

"Andika," nikamwambia. "Na usome yote."