Tumbo Nililoliacha India

Mama yangu alizikwa mlimani, mie mwanawe wa kwanza nikiwa chini barabarani, nimekaa juu ya kreti la soda. Naanzia hapo kwa sababu watu wakiniona nilivyo sasa wanakimbilia kuuliza habari za India, ndege ilikuwaje, kisu kilikuwaje. Ndege ina viti vya watu wenye makalio ya mtoto, basi, hakuna kingine. Habari yenyewe ni kreti.

Nilikuwa mnene, jamani. Wakati naolewa nilikuwa kijiti, nateremka toka kwetu Kinole na tenga la machungwa kichwani mpaka barabarani na bado nina pumzi ya kugombana na wanunuzi. Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Nyie watoto hamjui. Kabla ya hapo sukari ilikuwa ya foleni, na sabuni tukiipata tunaikata vipande kama keki. Ruksa ilipoingia kila kitu kikajaa madukani siku moja, na mie nikapata kibanda cha mitumba mjini Morogoro. Nikakaa. Unajua maana ya kukaa? Mwenye duka anakaa, maskini ndiye anayetembea. Soda pembeni, chipsi zinaletwa mpaka mlangoni, mafuta ya kula kwenye madumu ya manjano, sio ya kubembeleza tena kwa kijiko.

Na wanafiki wakawa wananisifu. "Mama umenawiri! Mama mambo yako safi!" Kila nguo ikinibana wanaita baraka. Wapuuzi wakubwa. Magoti yalipoanza kulia kama bawaba kavu sikumwona hata mmoja aje anibebee baraka yangu.

Sasa mama akafariki hospitali mjini, tukampeleka kuzikwa kwetu. Kwetu ni juu sana. Gari linakufikisha mwisho wa barabara, hapo unashika njia ya miguu katikati ya migomba na mikarafuu, imesimama kama ngazi iliyoegeshwa ukutani. Nilifika kwenye mfenesi wa kwanza tu. Moyo ukanipiga mpaka masikioni, macho yakaingia giza, nikarudishwa chini nimeshikwa huku na huku, mwenye duka la pale akanitolea kreti. Vijana wakasema wafunge machela wanipandishe.

Mtani wa ukoo wetu alikuwepo. Mzee mwembamba, mdomo kama wembe. Mnajua msibani mtani ana ruhusa yake, anamwiga marehemu, anawatukana wafiwa, anachukua anachotaka, na huruhusiwi kukasirika. Akasimama mbele ya jeneza, mikono kiunoni.

"Haya wafiwa, tukubaliane mapema. Leo tunapandisha maiti mmoja au wawili? Maana huyu wa pili hajapungua hata kidogo. Ongezeni watu!"

Watu walicheka mpaka waliobeba jeneza wakalitua chini. Huruhusiwi kukasirika, nimesema. Mie nilikasirika. Nikawaambia machela pelekeni mkabebee nyanya, nikabaki kwenye kreti langu, namsikia mama anakwenda kwa nyimbo, zinapanda, zinapanda, mpaka zikamezwa na migomba.

Na haikuishia hapo. Kwetu, mama akizikwa, baadaye kuna siku ya kufagia kaburi na kutambika. Unga unamwagwa na mtoto wa kike wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu ukoo unakwenda kwa wanawake, padri apende asipende. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mjomba mkubwa wa ukoo, alisubiri masika, akasubiri na vuli. Mwisho akashuka mjini kwangu, kofia mkononi.

"Dada, shikamoo. Wazee wanasema kama huwezi kupanda, unga amwage binti wa mama mdogo."

"Huyo anayekoroma kanisani?"

"Dada, huyo ana miguu."

Nilikwenda chumbani nikalia, nikatoka nikamwambia nipeni mpaka machungwa yaive tena. Baada ya hapo mfanye mnavyotaka.

Binti yangu ndiye aliyeleta habari ya India. Yeye anafuata mzigo Dubai na China, anajua dunia. Akaniambia kuna watu wanakatwa tumbo.

"Wanakatwa kitambi?"

"Mama, tumbo lenyewe. La ndani. Linapunguzwa, unakuwa unakula kidogo."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mie nimekulia kwenye njaa, nimelelewa na mihogo na maji, halafu nipande ndege kwenda kulipa mtu anirudishe kwenye njaa! Lakini usiku sikupata usingizi, nawaza yule mkoromaji ameshika unga wa mama yangu. Asubuhi nikamwambia, haya, andika jina.

Daktari wa kule alikuwa mdogo kama mjukuu wangu. Hakuniamkia, ila kwao hawana shikamoo, nikamsamehe. Akachora tumbo kwenye karatasi, akapitisha kalamu, akaonyesha kinachobaki. Kama ndizi moja. Ndizi! Sehemu nyingine yote inatupwa. Nikamwuliza kwa kinywa cha binti yangu, inatupwa wapi? Akasema hilo daktari hajaulizwa kabla. Basi ndio wasomi hao, wanakata kitu cha mtu wala hawajui kinakwenda wapi.

Hawakunipasua kama mbuzi, walitoboa matundu matano. Nilipozinduka nilisikia maumivu begani, sio tumboni. Wananiambia ni hewa waliyonijaza. Nikajiona nimekuwa tairi. Na hawana huruma, jioni ileile wakanisimamisha nitembee kolido, mrija unaning'inia, gauni liko wazi nyuma, bibi mzima natembeza makalio yangu mbele ya Wahindi. Chakula changu kilikuwa maji kwenye kikombe kile kidogo cha dawa, funda moja, subiri, funda moja, subiri. Funda la pili likiwahi, kifua kinakaza kama nimemeza jiwe.

Tukakosea jambo moja, mie na binti yangu. Tulificha. Tuliona aibu kusema mtu amekwenda kukatwa tumbo kwa sababu ya kula, tukawaambia watu ni kijiwe cha nyongo. Na kwetu mtu akipelekwa India watu hawaulizi anaumwa nini, wanauliza kaburi litachimbwa wapi.

Niliporudi, wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu tunayegawana naye ukuta. Yule mwanamke akipika maharage wewe unajua, na ukipiga chafya yeye anajua. Kaja na hotpoti la pilau.

"Pole shoga. Kula upate nguvu."

"Asante. Nakunywa uji mwepesi tu kwanza."

"Uji? Wa mgonjwa wa kijiwe?" Macho yananipima toka kichwani mpaka kandambili.

Mwezi wa kwanza ni vya kunywa, wa pili vya kupondwa kama vya mtoto asiye na meno. Siku moja nilijidai, nikachukua tonge la ugali na dagaa, nikatafuna haraka kama zamani. Nilitapika mpaka machozi. Kuanzia hapo nikajifunza kula kama kuku wa mgeni, nadonoa, natafuna, naweka mkono chini. Nguo zikaanza kunivuka. Nikaona mifupa ya mabega, nikaikaribisha, maana tulipoteana miaka mingi. Kisha nywele zikaanza kutoka, nachana zinabaki kwenye kitana. Binti akapiga simu kule, wakasema ni kawaida, zitarudi, ameze vidonge.

Zilirudi, lakini mtaa haukusubiri. Wale wale waliosema nimenawiri sasa wananyamaza nikipita. Mwembamba kwao ana maana moja tu, ukimwi. "Kakanyaga waya yule," nilimsikia jirani kwa masikio yangu, mie niko chooni, yeye yuko upande wa pili wa ukuta na wenzake. "India walikuwa wanamdanganya tu. Bibi mzima, haya yote kayapata wapi?"

Nikapaza sauti huko huko chooni: "Nimeyapata kwa mumeo, shoga!"

Nikasikia kandambili zinakimbilia ndani. Mumewe maskini alikuwa mzee wa kanisa mwenye pumu, hakumwelewa mkewe kwa wiki nzima. Sijaomba radhi mpaka leo na sitaomba. Mtu anayekuletea pilau aone kama utatapika si jirani, ni mkaguzi.

Mie nilikuwa na kazi yangu. Kila alfajiri natembea. Kwanza mpaka kwenye geti, nikafika kwenye dampo, nikafika sokoni, nikafika Bigwa na kurudi. Fimbo niliyokuwa najiegemezea niliiacha njiani siku moja, nikaikumbuka nimeshafika nyumbani. Sukari iliyokuwa inanisumbua ikashuka, vidonge vyake nikapunguziwa. Ngozi ya mikono ikalegea, nikipungia mtu inapunga na yenyewe. Sikujali. Machungwa yalikuwa yameanza kuiva.

Siku ilipofika nilishuka kwenye gari mwisho wa barabara, na mwenye duka hakunitambua. Nikaliona kreti langu, lina mtu mwingine. Nikapanda. Sisemi nilipaa. Nilipumzika kwenye mfenesi, nikapumzika kwenye kijito, nikapumzika penye mikarafuu, watoto wananipita wanasema shikamoo bibi huku wanacheka. Lakini nilipanda, kwa hii miguu yangu, mpaka nikaona moshi wa kwetu.

Kaburi likafagiwa. Mdogo wangu akanikabidhi unga kwenye ungo. Nilimwaga kwa mkono wangu, nikamwambia mama, nimechelewa, nilikuwa na mzigo. Yule binti wa mama mdogo alikuwa amesimama karibu kabisa, mkono tayari, ikitokea nimeanguka auokote ungo. Hakuokota kitu.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe nilisahau kitu ninachokijua toka utotoni: kwetu, aliyemwaga unga anapewa sahani yake, na anaila mpaka chini ya sahani paonekane. Ukibakiza umemwachia marehemu njaa. Ikaja sahani. Ugali kichuguu, kuku mzima wa kienyeji, mchuzi unamwagika. Wapishi hawana habari, wanajua mie ni yule mlaji wa zamani.

Nikadonoa matonge matatu. La nne nikalitazama, nikasikia lile jiwe kifuani. Nikisukuma, natapika juu ya kaburi la mama yangu. Nikiacha, kazi yote haikuwa kazi. Watu wakaanza kunong'ona. Nikamsikia mkoromaji: "Anaogopa tumemwekea kitu." Mwingine akasema, "Wagonjwa wa ule ugonjwa hawawezi kula."

Mdogo wangu akainama. "Dada, kula. Tafadhali. Wanatazama."

Nikaona upuuzi mtupu. Mtu mzima kama mie naogopa midomo ya watu ambao hata meno hawana. Nikasimama, nikafungua khanga, nikapandisha blauzi mbele ya ukoo mzima, nikawaonyesha matundu matano.

"Tazameni vizuri, msinong'one. Sina waya, wala siogopi sumu yenu. Nilikuwa siwezi kupanda kwa mama yangu. Nimekwenda India nimekatwa tumbo, limebaki kama ndizi moja. Sehemu nyingine nimeiacha huko. Nimelikata ili nifike hapa!"

Kisha nikasikia kicheko chembamba. Mtani. Alikuwa nyuma kwa watu wa pombe.

"Yaani mtu amelipa nauli ya ndege aende akafundishwe njaa? Ungeniuliza mie, ningekufundisha bure!"

Watu wakaangua kicheko, na hapo hapo nikajua la kufanya. Nikaibeba ile sahani, nikampelekea mtani mwenyewe.

"Njoo hapa, mdomo wa wembe. Si uliniita maiti wa pili? Haya. Maiti hali chakula. Mtani ndiye anayeila sahani ya maiti. Ila chini ya sahani paonekane, ukibakiza mama atakufuata wewe."

Wazee wakatazamana. Mdogo wangu akamtazama mzee wa pembeni, yule akatikisa kichwa kukubali, kwamba ni haki, mtani anachukua cha mfiwa, toka zamani ni hivyo. Mtani hakuwa na pa kutokea. Na mwenzangu alikuwa ameshakula kule nyuma, ameshashiba pombe. Alikula! Alikula jasho linamtoka, anasukuma na maji, watu wanampigia makofi kila tonge. Akainua sahani, akaionyesha nyeupe chini. Mama alikula, na mimi nilimlisha.

Tulipoteremka nilimkuta njiani amekaa kwenye jiwe, mkono tumboni, anahema. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni kama alivyosimama yeye siku ile.

"Vipi mtani, vijana wafunge machela?"

"Pita zako, bibi," akasema, hata kunitazama hakunitazama.

Nikapita zangu.